Siku ya mvua katika msitu wa Himalaya, njia moja na wanyama wa mizigo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu njia ya miguu ya Solukhumbu, mashariki mwa Nepal: kutoka Salleri kupitia Nunthala, Kharikhola na Puiya hadi Lukla, kisha Phakding, Monjo na Namche. Wengi wanaijua kama njia ya kwendea Everest, lakini huku chini ni msitu, ngazi za mawe, matope na kengele za wanyama. Mwenye haraka aanze na swali la "Nikikutana na msafara wa wanyama, nisimame wapi?" Jambo hilo mtu asipolijua anaweza kuumia siku ya kwanza tu.

## Mambo ya msingi

Mvua hunyesha miezi gani?

Msimu mkubwa huanza karibu na katikati ya Juni na kuisha mwishoni mwa Septemba. Takribani asilimia 80 ya mvua yote ya mwaka nchini Nepal hunyesha katika kipindi hicho. Chanzo chake watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanakifahamu: ni kusi. Upepo huo hupita kando ya pwani yetu, huvuka ikweta, kisha hugeuka kuelekea Bara Hindi ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Tawi lake la Ghuba ya Bengal huingia Nepal kuanzia mashariki, hukutana na milima, hupandishwa juu, hupoa na kumwaga maji. Kwa hiyo Solukhumbu hupata mvua mapema kuliko wilaya za magharibi.

Aprili na Mei kuna mvua za alasiri zenye radi, hata kama asubuhi ilikuwa nyeupe. Oktoba na Novemba kwa kawaida ni kukavu, isipokuwa katika hali ya kimbunga, iliyoelezwa karibu na mwisho kwenye swali la "Oktoba si salama basi?"

Je, mvua hunyesha mchana kutwa?

Mara nyingi hapana. Mawingu hulala chini bondeni usiku, na kadiri jua linavyopasha joto miteremko, yanapanda juu. Asubuhi ndiyo saa ya kutembea. Anayeondoka lojini saa 12 asubuhi na kufika saa 7 mchana hupata sehemu kubwa ya safari kabla ya mvua nzito. Anayeondoka saa 4 baada ya kunywa chai tatu atalowa. Kuna siku ambazo manyunyu hayakatiki tangu alfajiri, na siku hizo shauri langu ni kupunguza safari nusu, si kuongeza mwendo.

Inafaa kwenda msimu huo, au ningoje Oktoba?

Kama shabaha yako ni kupiga picha za vilele, ngoja Oktoba. Kama una siku za akiba na unapenda msitu, nenda. Mvua ndiyo inayoufanya msitu huu uwe ulivyo: okidi kwenye matawi, mianzi inayodondosha maji, vigogo vilivyovikwa kijani hadi juu, maporomoko ya maji ambayo Novemba huwa yamebaki alama kwenye mwamba. Loji zina nafasi na mwenyeji ana muda wa kuzungumza nawe jikoni.

Asiyefaa kwenda ni mwenye tarehe ya ndege isiyobadilika. Ongeza angalau siku tatu au nne za ziada, na usizihesabu kama hasara.

Nimeshapanda Kilimanjaro kwa mvua. Kuna tofauti gani?

Kilimanjaro msitu unaupita siku ya kwanza, au mbili, kisha unautoka. Mizigo hubebwa na wapagazi, wale wanaoitwa wagumu, hakuna mnyama njiani. Solukhumbu unaweza kukaa msituni siku nne au tano mfululizo, na njia haipandi moja kwa moja. Kutoka Nunthala, karibu mita 2,200, unateremka hadi daraja la mto Dudh Kosi, karibu mita 1,500, kisha unaanza kupanda upya. Magoti huchoka kabla ya mapafu.

Tofauti kubwa zaidi ni kwamba hii ni barabara ya watu. Mchele, saruji, mabati, mafuta ya kupikia na mitungi ya gesi ya vijiji vingi hupita hapa juu ya migongo ya baghala (nyumbu wa kufugwa) na ya binadamu. Mtalii ni mpita njia katikati ya kazi za wengine. Ukilielewa hilo, maswali mengi ya hapa chini yanajijibu yenyewe. Mkenya James Kagambi, aliyefika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62, alikwea kutoka upande huu, na hakuna msafara wa upande huu usiotegemea shehena iliyopandishwa kwa mgongo.

## Wanyama

Ni wanyama gani hasa nitakaokutana nao?

Kati ya Salleri na Namche utakutana zaidi na baghala, yule nyumbu wa kufugwa aliyezaliwa na punda dume na farasi jike. Hutembea kwa misafara, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele mara nyingi amepambwa kwa manyoya mekundu kichwani na kuvishwa kengele kubwa.

Kuanzia Lukla wanaongezeka dzopkyo, mahuluti wa yaki na ng'ombe. Dume wa namna hii hazai, ni mpole kuliko yaki, na huvumilia joto la mabonde. Yaki wenyewe ni wanyama wa juu. Manyoya yao mazito na miili yao imeumbiwa baridi na hewa nyepesi, na chini ya mita 3,000 hivi hudhoofika. Kwa hiyo, ukiona mnyama mwenye pembe na mzigo katika msitu wenye mvua chini ya Namche, huyo karibu kila mara ni dzopkyo, hata kama bango la loji linamwita yaki.

Mnyama mmoja hubeba kilo ngapi?

Baghala wa njia hii hubeba kama kilo 60 hadi 80, nusu kila upande. Mpagazi wa watalii hapaswi kuzidishiwa kilo 30 kwa kipimo kinachopendekezwa Nepal. Kwa Kilimanjaro kipimo ni 20. Siku ya mvua hesabu hizo hudanganya: gunia, kamba na matandiko yakilowa huongeza uzito ambao hakuna aliyeupima asubuhi. Ukikodi wanyama wako mwenyewe, funga mizigo chini ya kipimo ili maji yapate nafasi yake.

Nikikutana na msafara wa wanyama, nisimame wapi?

Simama upande wa mlima. Usisimame upande wa bonde hata kama ndio wenye nafasi, hata kama mandhari yako huko, hata kama mnyama anaonekana mtaratibu. Mzigo umetokeza pande zote mbili na baghala hasimami kukupigia hesabu ya upana wake. Anafuata mstari anaoufuata kila siku. Akikugusa ukiwa upande wa mlima, utabanwa kwenye ukuta wa udongo na kuchafuka. Akikugusa ukiwa ukingoni, juu ya matope, huna pa kushika.

Kusimama upande wa mlima peke yake hakutoshi. Panda kitu: jiwe, kisiki, kingo ya juu ya njia. Kwato zimechimba njia ikawa mfereji sehemu nyingi, na aliye ndani ya mfereji yuko ndani ya njia ya mnyama. Usisimame kwenye kona ya ndani ambapo ngazi zinajikunja, kwa sababu wanyama hukata kona. Usisimame nyuma ya baghala aliyesimama. Elekeza ncha za fimbo zako chini.

Na funga mwavuli. Wapita njia wengi hutumia mwavuli msituni, nami naupendekeza kwenye swali la mavazi, lakini mwavuli unaofunguka ghafla mbele ya macho ya baghala humshtua, na mmoja akishtuka hurudi nyuma na kuwasukuma wenzake. Koti la plastiki linalopepea nalo likusanye kwa mkono mpaka wapite.

Ngoja hadi wa mwisho. Karibu kila msafara una mnyama mmoja aliyebaki nyuma akitafuna majani, ambaye baadaye huja mbio kuwafikia wenzake. Nyuma yake yuko mswagaji anayepiga mbinja na kurusha vijiwe kuwahimiza. Msalimie "Namaste, dai", yaani salamu kaka, ngoja apite naye, kisha shuka.

Na kwenye madaraja ya nyaya?

Mnyama akiwa darajani, wewe huingii. Akiwa anakaribia upande wa pili, huingii pia. Madaraja haya marefu yanayoning'inia hayana mahali pa kupishana na baghala mwenye mitungi miwili ya gesi, na hawezi kurudi kinyumenyume. Tazama ng'ambo kwanza, sikiliza, kisha vuka bila kusimama katikati kupiga picha. Daraja la juu la Larja, pale Dudh Kosi inapokutana na Bhote Kosi kabla ya mpando wa Namche, ndilo linaloleta msongamano mkubwa, kwa kuwa kila kitu kinachokwenda Namche kinapita hapo. Kungoja dakika 20 chini ya mvua hapo ni jambo la kawaida. Vaa koti la joto kabla hujaanza kungoja, usisubiri baridi ikuingie.

Ukungu ukiwa mzito, nitajuaje kwamba wanakuja?

Kwa kengele. Wanyama huvishwa ili mswagaji ajue walipo na wapita njia wapishe. Katika ukungu wa Puiya sauti hukufikia kabla hujaona pua ya mnyama. Kwa hiyo usivae visikilizio vya muziki. Mvua kubwa juu ya kofia ya koti nayo huzima sauti, ndiyo sababu mojawapo ya mimi kupenda mwavuli kuliko kofia: masikio hubaki wazi.

Je, wanyama wanateseka kwa mvua? Nitajuaje wanatunzwa?

Baghala mwenye afya huvumilia mvua vizuri. Kinachomuumiza ni matandiko. Godoro la chini ya mzigo likilowa na kukaa limelowa, ngozi hulainika, inasuguliwa, inachubuka, na kidonda cha mgongoni hakiponi mnyama akiendelea kubebeshwa kila siku. Kwato nazo hulainika kwa matope ya muda mrefu.

Ukikodi, omba kuwaona kabla mzigo haujafungwa. Tazama mgongo, mabega na chini ya mkanda wa tumbo. Kovu la zamani lenye manyoya meupe si kosa, ila kidonda kibichi ni sababu ya kumkataa mnyama huyo, na useme hivyo kwa upole mbele ya kiongozi wako. Uliza pia watalala wapi na watakula nini, kwani juu ya Lukla malisho ni haba na chakula cha mnyama ni gharama halisi. Ukimkata bei mwenye wanyama hadi mwisho, punguzo hilo litatoka kwenye pipa la nafaka la baghala. Mambo haya yananigusa sana, na nadhani msafiri anayelipa ana sauti kubwa kuliko anavyodhani.

Mtazame na mswagaji mwenyewe. Kama wewe una koti la bei kubwa naye amejifunika karatasi ya nailoni iliyotoboka, kabla ya kuondoka panga na kiongozi apatiwe vazi la mvua. Ni sehemu ya gharama za safari yako.

Naweza kuwalisha njiani?

Usiwalishe. Wengine hufungwa kikapu mdomoni kusudi wasile ovyo. Na kamwe usimpe mnyama majani ya lali gurans, ua la taifa la Nepal linalojaa msituni huku: majani yake yana sumu inayoangusha mifugo.

## Mavazi na mwili

Nivae nini?

Koti la mvua lenye uwezo wa kupitisha jasho, suruali nyepesi inayokauka haraka, soksi za sufu, viatu vyenye soli ya meno makali, na mwavuli imara. Msituni chini ya mita 2,500 joto na unyevu ni vya kukutoa jasho hadi ulowe ndani ya koti lako mwenyewe, na hapo mwavuli hushinda. Juu zaidi, upepo ukianza, koti ndilo la kutegemea. Joto hupungua kama nyuzi sita na nusu kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mvua ya Kharikhola na mvua ya Namche ni mvua mbili tofauti.

Pamba iache. Fulana ya pamba ikilowa haikauki siku nzima na inanyonya joto la mwili. Kanga moja inafaa sana lojini, kwa kujifunga, kujifuta na kulalia, lakini njiani isikae shingoni.

Kanuni isiyovunjwa: seti moja kavu ya kulalia haitoki mfukoni mpaka umefika. Asubuhi unarudia nguo mbichi za jana, hata kama mwili unakataa.

Ruba ni tatizo kubwa kiasi gani?

Ni usumbufu mkubwa na hatari ndogo. Wako wengi katika msitu kati ya Kharikhola na Surke, kijiji kilicho chini ya Lukla, kuanzia Juni hadi Septemba, wanapungua ukielekea Namche. Hungoja kwenye majani ya kando ya njia na juu ya ardhi yenye unyevu, wakifuata joto na mtikisiko wa wapitao. Njia ya wanyama wengi ni njia ya ruba wengi.

Chomeka suruali ndani ya soksi, paka dawa ya kufukuza wadudu kwenye viatu na soksi, na kagua miguu kila mnaposimama. Akikung'ata, usimchome kwa kiberiti wala usimvute kwa nguvu. Ingiza ukucha chini ya mdomo wake mwembamba, msukume pembeni, mtupe. Mate yake yana kitu kinachozuia damu kuganda, kwa hiyo utatoka damu kwa muda mrefu kuliko jeraha linavyostahili. Osha kwa maji safi na sabuni, bana kwa kitambaa, usikwaruze.

Kuna aina nyingine isiyozungumzwa vya kutosha: ruba wa majini wanaoingia puani mwa ng'ombe na wanyama wengine wanapokunywa kwenye vijito vya msituni, wakakaa humo wiki kadhaa. Mtu anayeinamisha uso kijitoni kunywa anaweza kupatwa vivyo hivyo. Hiyo ni sababu ya kwanza ya jibu linalofuata.

Maji ya kijito yanafaa kunywa?

Hapana, hata yakionekana kama kioo. Mvua huosha njia yote, na njia imejaa samadi ya baghala. Chemsha, au tumia dawa ya maji na usubiri muda ulioandikwa kwenye paketi. Maji baridi sana huhitaji muda mrefu zaidi. Matope yakiwa mengi, yachuje kwanza kwa kitambaa.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Dal bhat: wali, dengu, mboga na achari, ambao huongezwa hadi ushibe. Mayai na viazi hupatikana kila mahali. Nyama iache kwa sababu mbili, ya pili ikiwahusu wote: huna njia ya kujua ilivyochinjwa, na juu ya Lukla hupandishwa kwa mgongo siku nzima au zaidi bila barafu.

Mwenzangu amelowa na anatetemeka. Nifanye nini?

Simameni mahali pasipo upepo, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu ikiwemo kofia, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari na chakula, kisha mwendelee hadi loji ya karibu. Dalili ya kuogopa ni pale kutetemeka kunapokoma huku akizungumza kwa kukokoteza, akijikwaa, au akisema hahitaji msaada. Huyo hatembezwi tena. Mfunikeni ndani ya mfuko wa kulalia, awekewe kitu cha kumtenga na ardhi, msimsugue mikono wala miguu, na mmoja akatafute watu. Haya hutokea hata kwenye nyuzi 8 au 10 za joto. Mvua na upepo vinatosha, theluji haihitajiki.

## Mizigo

Begi langu litabebwa na baghala. Nilifunge vipi?

Chukulia kwamba litalowa, litakandamizwa na litasuguliwa kwenye mwamba, kwa sababu vyote vitatu hutokea. Tumia begi laini la turubai lisilo na magurudumu. Ndani yake weka mfuko mzito wa plastiki uliosokotwa mdomo, na ndani ya mfuko huo gawa nguo katika mifuko midogo. Kifuniko cha nje cha mvua hakitoshi, kamba za mzigo hukivua ndani ya saa moja. Usiweke chupa ya kioo wala kitu chenye kona kali: kona hiyo itakuwa inamchoma mnyama ubavuni kutwa.

Nibebe nini mwenyewe?

Kila kitu ambacho usingependa kukikosa usiku mmoja: pasipoti, fedha, dawa, soksi na nguo kavu, koti la joto, tochi, maji, chakula kidogo. Wanyama huchelewa wakati wa mvua. Daraja linaweza kufungwa, mswagaji anaweza kuamua kulala kijiji cha nyuma kwa usalama wao, na uamuzi huo ni wake.

## Njia

Kwa nini sehemu ya Kharikhola hadi Surke ina sifa mbaya hivyo?

Mteremko mkali, udongo laini, kivuli kisichoruhusu jua kukausha, na kwato nyingi kila siku. Tope hufika kwenye vifundo vya miguu na kupita, likiwa limechanganyika na samadi. Tembea katikati ya tope kama wenyeji wanavyofanya. Anayezunguka pembeni kukwepa ndiye anayeporomoka, na pia hupanua njia na kuua miche. Kanyaga mawe yenye uso mkavu au wa kukwaruza. Jiwe la kijani linalong'aa na mzizi uliomenywa na kwato ndivyo viangushavyo watu. Kuteremka, hatua fupi, magoti yaliyokunjwa kidogo, fimbo mbele.

Kiwango cha haki cha siku hiyo ni saa tano hadi sita za mwendo. Salleri hadi Lukla ni siku tatu wakati mkavu, nne kwa mvua.

Si bora nipande ndege hadi Lukla?

Ndege ni nzuri anga likiwa wazi. Uwanja wa Lukla uko mita 2,845 hivi, njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 na imeinama karibu asilimia 12, na rubani hutua kwa macho. Wingu likikaa mlangoni mwa bonde, hakuna ndege, na msimu wa mvua linaweza kukaa siku kadhaa. Anayefika kwa miguu kutoka Salleri hupata pia faida ya kupanda polepole. Gari la kutoka Kathmandu hadi Salleri huchukua siku nzima, zaidi kama barabara imeporomokewa.

Je, lazima niwe na kiongozi?

Nepal ilitangaza kwamba tangu Aprili 2023 wageni wanapaswa kutembea na kiongozi mwenye leseni katika njia nyingi. Uongozi wa Khumbu, eneo la kuanzia Lukla kwenda juu, haukuifuata amri hiyo kwa namna ileile, kwa hiyo ulizia hali ilivyo kabla ya kuondoka. Swali la sheria kando, kwa mvua ningemchukua: yeye ndiye anayejua kijito gani hufurika na mswagaji gani ni wa kuaminika. Vibali hukaguliwa Monjo, lango la Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha iliyoanzishwa mwaka 1976. Vifunge kwenye plastiki.

Kuna kuta za mawe yenye maandishi katikati ya njia. Nipite upande gani?

Zipite ziwe mkono wako wa kulia. Ni mawe ya sala ya Wabuddha. Usiyakalie kufunga kamba za viatu, hata kama ndiyo mawe makavu pekee.

## Hali zisizo za kawaida

Njia imeporomoka mbele yangu. Nivuke?

Kwanza simama mbali na usikilize. Mawe yakiendelea kudondoka, hakuna kuvuka. Tazama wenyeji: mswagaji akiwazuia wanyama wake, ambao ndio riziki yake, nawe baki. Yakitulia, vuka mmoja mmoja, mwingine akitazama juu na kupiga kelele akiona kitu, bila kusimama katikati. Alfajiri ni salama kuliko alasiri. Usifuate njia ya mkato ambayo wanyama wamekwisha kuikataa.

Kijito kimefurika na hakuna daraja?

Rudi, ngoja. Vijito vya msituni hupanda haraka na kushuka haraka, mara nyingi ndani ya saa chache baada ya mvua kupungua. Usishike mkia wala mzigo wa mnyama anayevuka: akiteleza, mtakwenda pamoja.

Mto mkubwa ni habari nyingine. Tarehe 16 Agosti 2024 maziwa ya maji ya barafu iliyoyeyuka milimani yalipasuka kingo juu ya kijiji cha Thame, na mafuriko yakabomoa nyumba, shule na zahanati bila onyo la mvua kubwa kijijini. Ukiona maji ya mto yamebadilika rangi ghafla na kubeba magogo, au ukisikia ngurumo isiyokoma kutoka juu ya bonde, panda mteremkoni mara moja na uache mzigo.

Ugonjwa wa kimo ukinipata Namche na helikopta haiwezi kuruka?

Shuka kwa miguu au kwa farasi, siku hiyohiyo, hata usiku na hata mvuani, ukisindikizwa. Namche iko mita 3,440, na kuna watu huumwa hapo kwa sababu ya hewa nyepesi. Kichwa kinachouma kidogo, bila dalili nyingine, kinaruhusu kupumzika bila kupanda. Kutapika kusikokoma, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi ukiwa umeketi ni amri ya kushuka. Bima ya helikopta haina msaada wingu likiwa limefunika bonde, na kungoja anga lifunguke kumeua watu milimani. Kuhusu asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo, zungumza na daktari wako kabla ya safari. Juu ya mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja.

Oktoba si salama basi?

Kwa kawaida ni salama. Ila kimbunga cha Ghuba ya Bengal kinaweza kufika Himalaya. Tarehe 14 Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yalimwaga theluji nzito upande wa milima ya Annapurna, magharibi zaidi nchini Nepal, na zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa wapanda milima na viongozi wao waliokuwa karibu na kivuko cha Thorong La. Tahadhari ya kimbunga ikitangazwa pwani ya mashariki ya India, una kama siku moja au mbili. Zitumie kushuka chini na kukaa.

Baghala ameanguka mbele yetu na njia imeziba. Tusaidie?

Sogeeni nyuma kwanza, juu ya njia, na zuieni wapita njia wanaokuja nyuma yenu. Mnyama aliyeanguka akiwa na mzigo hupiga mateke kwa hofu, na teke la baghala huvunja mfupa. Mswagaji atalegeza kamba za mzigo kabla ya kumwinua. Akiomba mikono, shikeni mzigo na kuusogeza kando, kichwa cha mnyama mwachieni yeye. Mkiwa na tochi, mwangazieni kamba, si macho ya mnyama. Akisimama, atahitaji muda kabla ya kubebeshwa tena, na huenda mzigo ukagawanywa kwa wenzake. Kama begi lako limo, hapo ndipo mahali pa kulichukua na kulibeba mwenyewe hadi kijijini.